Masikio ya Chui

Mchora vibao wa mtaa alilamba ncha ya brashi kuliko alivyolamba chakula, na kila kichwa alichochora alikipa masikio yaleyale, mapana, yaliyochomoza kama mishikio ya sufuria. Athanase kinyozi aliyajua vizuri, maana yalikuwa kwenye kibao cha saluni, juu ya mlango wake. Kwa hiyo ile fotokopi ya katuni iliyokuwa ikiwachekesha watu chinichini mji mzima wa Likasi ilipofika saluni, chui aliyevaa kofia ya ngozi ya chui kama ya Rais, akila mkate mbele ya foleni ya wenye njaa, Athanase hakucheka. Chui alikuwa na masikio yale.

“Papa, badilisha masikio,” alimnong’oneza mchoraji.

“Miye sijue kuchora ingine.”

Jumamosi akaja askari kunyolewa. Mlangoni akasimama, akatoa fotokopi ileile mfukoni, akaitazama, akainua macho kwenye kibao. Athanase akaushusha wembe mezani. Kwenye benchi, mchoraji alikuwa akilamba brashi kavu.

“Ile masikio,” askari alisema taratibu, “kesho nisione tena pale kwa mulango.”

Kisha akaikunja karatasi polepole, kama picha ya mtoto wake, akairudisha mfukoni.