Vitambaa vya kutia mikoko alama vilivyozusha mzimu Utange

Wakuu, salaam kwenu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu.

Miaka ya tisini nimemaliza form four, sina kazi, miguu inaniwasha. Nilihangaika Likoni, nikahangaika Changamwe, mwisho nikaangukia kwa shangazi yangu Utange.

(Nimezurura miji mingi tangu hapo. Tope la hori la Utange, ule mkono wa bahari, bado nalinusa.)

Shangazi, Bi Salama, alikuwa akiuza kaa mahotelini. Kaa wanaishi kwenye mikoko, na mikoko yetu ilikuwa yaisha. Mingine ilijikaukia, mingine ilikatwa boriti na kuni.

"Ikiisha yote nitauza nini, magamba?"

Akaunda kikundi cha kujitolea. Mimi nilijitolea kwa nguvu, maana nilikuwa nakula kwake.

Tulipanda miche, na kila maji yakitoka tulizunguka kukagua miti. Ili tusichanganye, tuliifunga vitambaa, mabaki ya fundi cherehani. Cheupe, mti mzima. Chekundu, mgonjwa. Cheusi, unakufa.

Watu wa pwani mshaanza kucheka. Hizo ndizo rangi za vitambaa vya mizimuni, watu wanakopeleka sadaka kwa mizimu. Sisi tulikuwa tunawaza kaa tu.

Siku moja tunafika, chini ya mti wa kitambaa chekundu pana kitezo cha ubani, marashi na sahani ya halua.

Nikaanza kula halua. Shangazi akanizaba kofi la mgongo.

"We mwana, wala chakula cha nani?"

"Cha mgonjwa, shangazi. Hana hamu ya kula."

Lakini tulipozunguka hatukuona shina jipya lililokatwa. Siku zikapita, hali ni hiyo hiyo. Wakata boriti wamehama kwa kuogopa mzimu, miche inachipua, kaa wamerudi.

Mimi nilifurahi. Shangazi, mtu wa swala tano, alikosa raha.

"Riziki yangu ipite kwenye shirki, watu wakiabudu mti? Wallahi siitaki."

"Tunyamaze tu, shangazi, miche ikue."

"Na kaburini utaninyamazia wewe?"

Nilijua akisema kweli, mapanga yatarudi na kaa ndio basi. Naye alijua. Akaenda baraza ya mtaa, akasimama mbele za watu.

"Jamani, kule hakuna mzimu. Ni vitambaa vya fundi. Tumefunga mimi na huyu mpwa wangu."

Mzee Charo, bingwa wa kukata boriti, akauliza taratibu:

"Bi Salama, ni yeye aliyekutuma useme hivyo?"

"Yeye nani?"

"Basi, mama. Usimtaje."

Asubuhi yake tulikuta kuku mweupe amefungwa mlangoni kwetu, na Mzee Charo amesimama mbali, ameshika kofia mkononi.

"Mwambie boriti zile za zamani sikujua zina mwenyewe."

Nilichojifunza: sema kweli moyo wako utulie. Kuaminiwa ni shughuli ya wengine.

Wa Utange, mikoko ingalipo? Na nyinyi mliowahi kujitolea kupanda miti, yenu iliishia wapi? Tiririkeni.