Wimbo Uliotangulia Tangazo la Kifo

Dada yangu alifariki kwa UKIMWI, kama wengi pale kijijini kwetu Muleba. Kwenye msiba redio haikuruhusiwa kupiga muziki. Ilifunguliwa kwa matangazo ya vifo tu. Tuliiwasha mapema tusije tukalikosa lake, tukakuta wimbo wa mapenzi wa miaka ya sabini, ule wa furaha alioucheza dada siku ya harusi yake. Shangazi akanyoosha mkono aizime redio. Baba akamkataza, tangazo lingetupita. Basi tukakaa juu ya nyasi zilizotandazwa sebuleni, tukausikiliza wote. Wimbo gani huu usio na adabu! Nikainamisha kichwa kwa hasira, ndipo nikauona mguu wa mama ukifuata mdundo. Na wangu pia.