Mawe ya Darasa la Sita

Nilihamishiwa shule moja ya msingi upande wa Titye, wilayani Kasulu, nikitokea Singida. Kwetu mto ni wa miezi michache tu. Huku niliukuta unatiririka mwaka mzima, lakini mwekundu kama tope la kufyatulia matofali. Wenyeji walinieleza kwamba zamani ulikuwa na samaki, na matete marefu kumzidi mtu. Matete yalikatwa, watu wakalima kabichi na maharage hadi ukingoni, na kila mvua ikaburuza udongo majini. Samaki waliobaki waliuawa kwa utupa, majani ya sumu yanayotwangwa na kumwagwa mtoni.

Nikaamua kulifundishia darasa la sita huko huko. Tuligeuza mawe kutafuta wadudu. Penye mashamba, hakuna kitu. Juu, penye msitu, kila jiwe lilikuwa na viumbe vinavyotambaa. "Wadudu wakiisha, samaki atakula nini?" niliwauliza. Siku moja, kwa hasira, nikawaambia: "Anayeua mto anatuua sisi." Wakaandika kwenye madaftari.

Serikali ya kijiji ilituruhusu kupanda matete na miche ya mikuyu ndani ya mita sitini kutoka ukingoni, ambazo sheria hairuhusu kulimwa. Sehemu hiyo alikuwa akiilima baba mmoja ambaye wazazi wake walikimbia Burundi wakapitia kambi za Kibondo. Yeye alizaliwa huku na ni raia. Mtendaji alishamwonya mara mbili, lakini hakuwa na shamba jingine. Binti yake alikuwa darasani kwangu.

Asubuhi moja yule baba alitukuta tukimwagilia. Alikuwa na panga mkononi na jembe begani. Hakusalimia. Alianza kufyeka miche, mmoja baada ya mwingine, akitukana kwa Kirundi. Binti yake akamkimbilia.

"Baba, huo nimeupanda mimi!"

Alimpiga kwa ubapa wa panga mgongoni. Mtoto akaanguka kifudifudi kwenye tope, naye akaendelea kumpiga. Niliingia katikati nikamshika mkono. Akadondosha panga, akashusha jembe begani, na mpini wake ukanipata juu ya kiwiko cha kushoto. Nilisikia mfupa ukikatika kabla sijasikia maumivu. Nikapiga magoti.

Jiwe la kwanza sikuliona limetoka kwa nani. Lilimpata shavuni. Kisha yakaja mengi kwa pamoja, kutoka mikono ya watoto wa miaka kumi na mbili, mawe yale yale ya mtoni yakiwa bado na maji. Yule baba akajikinga uso, akateleza, akaanguka. Hawakuacha. Nilipiga kelele, "Acheni! Acheni jamani!" Hakuna aliyenisikia. Damu ilimtoka kichwani ikaingia machoni, naye akawa anatambaa akipapasa kama kipofu.

Aliyewazuia ni binti yake. Alijivuta kutoka kwenye tope akajilaza juu ya baba yake. Jiwe moja zaidi lilirushwa, likampasua juu ya jicho. Hapo ndipo mikono ikashuka.

Tulipelekwa hospitali Kasulu wote watatu kwa gari moja, baada ya kupewa fomu za matibabu, PF3, polisi.

Niliporudi darasani na plasta mkononi, niliwauliza kwa nini walitaka kumuua mtu. Msichana wa dawati la mbele akasimama.

"Madam, wewe ulisema anayeua mto anatuua sisi."

Nilichukua daftari lake nikaikuta sentensi hiyo, imepigiwa mstari.

Kwenye mkutano wa kijiji vijana walipiga kelele, "Arudi kwao!" Wengine walishika fimbo. Nilisimama, nikasema kwao ni hapa, na kwamba kosa la yale mawe lilianzia kwenye mdomo wangu. Wakanizomea. Mwenyekiti akawatuliza kwa shida. Mwishowe kijiji kilimpa yule baba kipande cha shamba mlimani. Alikipokea, lakini mpaka leo tukipishana njiani ananipita bila salamu, nami simlaumu.

Masika yaliyofuata mafuriko yaling'oa kabichi zote zilizobaki ukingoni pamoja na nusu ya matete yetu. Tukapanda tena. Safari hii niliwafundisha wanafunzi kwanza ni nani analima wapi, na atakula nini akiondolewa. Udongo ulianza kushikwa. Maji yakapungua wekundu, si sana, ila kifundo cha mguu kilionekana ukisimama ndani.

Binti alikuwa amerejea shuleni wiki tatu baada ya siku ile ya mawe, na kovu juu ya jicho. Ndiye aliyegeuza jiwe akamwona kiluwiluwi wa kereng'ende, mdudu wa kwanza upande wetu wa mto. Akaita, wenzake wakakimbia kuangalia, wakasukumana na kushangilia. Alimwonyesha kila mmoja kwa zamu. Tulipokaa kula, alichukua kiporo chake akaenda kukaa mbali nao.