Siri ya goti la yaya wangu

...ndiyo maana nasema mume wangu hana kosa. Admin wa ukurasa huu, uliponijibu kwamba ndoa nyingi changa huharibiwa na ndugu za mke, nilicheka, kisha chai ikanipoa mkononi. Kwangu ni kinyume. Mimi ndiye niliyemharibia ndugu yangu, na mume wangu ndiye anayesemwa. Ficha jina langu tu, mengine yaweke yote.

Nina miaka ishirini na minne, naishi Kisangani, upande wa Mangobo, na nimeolewa mwaka huu. Bado mtu akiniita madamu nageuka kutazama ni nani aliye nyuma yangu. Mume wangu ni kocha wa timu ya mtaa wetu. Akirudi kutoka mazoezi na vumbi hadi kwenye nyusi, namwona mzuri kuliko siku ya harusi.

Kilichonivuta kwake ni imani tuliyokuwa nayo wote kabla hatujajuana: timu hujengwa kwa vijana wake. Tangu nikiwa shuleni nilisimama nyuma ya goli kuangalia wadogo wakifanya mazoezi, wakati wenzangu wakingojea wakubwa. Mashabiki waliniita Mama ya Batoto. Niliwaambia timu ni kama shamba la ndizi: mgomba ukishazaa mkungu unakatwa, machipukizi yapate jua. Walicheka, na mimi nikajiona mwenye hekima.

Sasa, beki wa kati wa timu hiyo alikuwa yaya, kaka yangu mkubwa. Wazazi wetu walifariki nikiwa mdogo. Yeye ndiye aliyenilea, akanisomesha hadi nikamaliza sekondari, na siku ya mahari yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti cha baba. Kila baada ya mechi goti lake lilivimba. Nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi, naye aliniomba habari isitoke nje. “Leki, mdogo wangu, hii goti iko siri ya nyumba.” Mwingine aliyejua ni mmoja tu, mzee anayewakanda wachezaji, tunayemwita tonton, yaani mjomba, rafiki yake wa miaka mingi.

Muda mfupi baada ya harusi, asubuhi ya mechi na timu ya ng'ambo ya mto, nilimwekea mume wangu chai na makemba, zile ndizi kubwa, ya kukaanga. Alikuwa amekunja uso. Alinieleza kwamba ana kijana mmoja, beki wa ajabu, lakini nafasi ni ya yaya. Atamwondoaje bokilo wake, shemeji aliyempa mke, wakati chakula cha harusi bado kimo tumboni? Niliona aibu inamfunga, na nilitaka awe yule mtu jasiri niliyempenda. Nikasema, “Weka mutoto. Goti ya yaya imekwisha, inavimba kila mechi.”

Akaacha kutafuna. “Unaniambia kama bibi yangu ao kama supporter wa timu?”

“Kama supporter,” nikajibu, nikacheka, nikamwongezea makemba.

Jibu hilo ndilo linalonichoma. Ulimi haukuteleza. Nilijua ninachokitoa.

Kijana alicheza kana kwamba alizaliwa pale uwanjani. Tulishinda, na nilicheza kwa furaha hadi kitambaa kikanianguka kichwani. Nilipoinama kukiokota nikamwona yaya kwenye benchi. Alikuwa anapiga makofi.

Baadaye alimwuliza mume wangu sababu. Mume wangu hawezi kusema uongo. Alijibu neno moja tu: goti. Yaya akatafuta aliyetoa siri, na mimi hakunifikiria hata kidogo. Alimfokea tonton mbele ya wachezaji wote, akamwita Yuda, na hadi leo hamsalimii. Kuhusu mume wangu aliwaambia ndugu zetu: “Alingoja amalize kuchukua dada yangu, ndiyo achukue nafasi yangu.” Maneno hayo yamezunguka familia nzima, na mume wangu anayameza. Nilipomlilia alisema hatanitaja kwa mtu. Alisema nitasema mwenyewe, na hadi siku hiyo lawama ataibeba yeye. Nyinyi mlioolewa zamani, waume wote wako hivi, ama ni wangu peke yake?

Tonton alikuja nyumbani, nikampakulia lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, hakugusa. “Mama, wewe unajua mimi sikusema. Uniombee kwa yaya yako.” Nilimjibu nitajaribu. Oneni moyo wangu.

Yaya aliacha mpira, akaenda Yanonge kwa wajomba zetu kuvua samaki. Nilimsindikiza hadi mtoni, na boti ilipokuwa inajaa akanitania: “Si wewe ulisema ndizi ikishazaa inakatwa? Bon, mukungu yangu ni wewe, umeshatoka.” Akacheka peke yake.

Msinielewe vibaya. Bado nawaamini vijana, na timu inakwenda vizuri. Lakini nilimkata aliyenilea, kisha nikamwachia mtu mwingine panga mkononi.

Jumapili yaya alipiga simu. Aliuliza habari za yule kijana, kama bado anaruka kupiga kichwa bila kutazama nyuma yake. “Umwambie aangalie nyuma kwanza. Ni mimi nilimuonesha, anasahau.” Nikamwambia nina neno. Akasema neno zito halipiti kwenye simu, nije nalo mwenyewe, samaki wapo.

Nikisema, nitampoteza mtu aliye baba na mama kwangu. Nikinyamaza, tonton atazeeka na jina la Yuda. Nishaurini, ndugu zangu: niende peke yangu, ama nimchukue tonton asikie jina lake likisafishwa? Mume wangu amesema atanifikisha kwenye boti, mengine ni yangu. Andikeni, nitasoma yote, hata matusi. Ila msiniambie nisiende, maana yaya nimeshamwahidi: kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa Yanonge, nimekaa mbele yake.