Kinanda cha Shangazi Kwenye Video ya Moyo

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Kilosa, na miaka michache iliyopita nilianza kutengeneza video fupi za sayansi kwa ajili ya wanafunzi: siafu wanavyohama, mbegu ya mahindi inavyochipua, mapafu yanavyovuta hewa. Picha hazinisumbui. Kinachonisumbua ni muziki. Napenda ule wa klasiki, wa vinanda na fidla, usio na mwimbaji, kwa sababu unamwacha mtoto asikie maelezo. Wanafunzi wangu hawakuupenda hata kidogo. "Mwalimu, nani kafa?" waliniuliza video ya kwanza, maana kwao muziki wa namna ile ni wa redioni, siku kiongozi akifariki. Ikabidi nijifunze kuchagua. Siafu niliwawekea piano ya mbiombio, darasa likacheka, likaelewa.

Mapenzi ya muziki huo niliyapata kwa Shangazi. Ni dada wa baba yangu, ndiye aliyenilea huko milimani juu ya mji, na ndiye mpiga kinanda wa kanisa letu tangu sijazaliwa. Kinanda chenyewe ni cha kukanyaga: miguu inasukuma upepo, vidole vinatafuta sauti. Alifundishwa na wamisionari waliomsomesha, wakamwachia na bahasha ya nota za watunzi wa Ulaya. Nota hizo anazijua kama anavyojua njia ya kisimani.

Basi nilipotaka kutengeneza video ya moyo na mzunguko wa damu, nikamwomba anipigie. Moyo ni pampu, na kinanda kile nacho ni pampu, niliona vitaendana. Mwaka huo vijana wa kwaya walikuwa wamepata kinanda cha umeme, na wazee wa kanisa walishaanza kusema kile cha zamani kipelekwe stoo. Shangazi hakuwa analizungumzia jambo hilo, ila alikonda. Nilipomweleza habari ya video akawa mtu mwingine.

"Wakinisikia kwenye simu zao wataniachia kinanda changu," alisema. "Siku hizi kitu kikitoka kwenye simu ndiyo ukweli."

Siku ya kurekodi alivaa gauni la Pasaka. Nikamwambia, "Shangazi, narekodi sauti tu."

"Na nani kakuambia sauti haivai?"

Alipiga mara tatu. Ya tatu ilipokwisha akatoa miguu kwenye kanyagio, akasema, "Hiyo hapo. Hiyo usiiguse."

Jumamosi nikaenda Mikumi, ambako mtandao haunitesi, nikachukua chumba cha mchana kwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu. Malori yanapita, madirisha yanatetemeka, mimi nimevaa hedifoni. Loh! Mivukuto ya kinanda ilikuwa inalia kwiii, kwiii, kama kitanda kibovu. Nota moja ya juu inakwama. Jogoo wa jirani akawika pale pale damu inapoingia kwenye mapafu. Nikaona aibu. Naandika jinsi ilivyokuwa: nilimwonea aibu mtu aliyenilea. Niliwafikiria walimu wenzangu wa Morogoro mjini na video zao safi, nikajua watanicheka mpaka basi.

Nikaongeza bando, nikatafuta muziki wa bure mtandaoni, nikaupata uleule aliopiga Shangazi, umepigwa na mtu nisiyemjua kwenye kinanda kikubwa cha kanisa la Ulaya. Hauna doa. Nikaupachika. Mwisho wa video nikaacha maandishi niliyokwisha kuandika: "Kinanda amepiga Shangazi yangu." Nilijiambia namsaidia yeye, kwamba wazee wakisikia kitu kizuri hivi hawatathubutu kukihamisha kinanda. Uongo mtupu. Nilikuwa natafuta sifa zangu.

Video ikasambaa, ikamfikia mchungaji. Siku chache baadaye akapanda mlima mwenyewe mpaka kwa Shangazi, nami nipo, tumekaa barazani. Shangazi ana kiswaswadu, kisimu cha vitufe kisichoonyesha video, hivyo alikuwa bado hajaisikia, na mimi nilikuwa namzungusha tu: leo sina chaji, kesho sina bando.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mchungaji, karibu."

Mchungaji hakukaa hata vizuri. Wazee wote wamesikiliza, alisema, mmoja machozi yamemtoka. Kinanda hakiendi popote. Na Jumapili askofu akija kwa kipaimara, wanaomba Bibi apige huohuo. Kisha akaibonyeza simu.

Shangazi alisikiliza ameinamisha kichwa. Sekunde chache tu zilimtosha. Akanigeukia, akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile, hata siku nilipochoma banda la kuku nikiwa mtoto.

"Bibi, kweli ni wewe huyu?" mchungaji aliuliza, kwa furaha tu, bila ubaya.

Shangazi, ambaye aliwahi kunichapa kwa kusema nimenawa mikono wakati sijanawa, akajibu, "Ni mimi." Akaifunika mikono yake kwa khanga. "Ila mchungaji, vidole vimeanza kufa ganzi. Hiyo ilikuwa ya mwisho. Mwambie askofu vijana watampigia."

Mchungaji alimbembeleza, wapi! Alipoondoka nikapiga magoti. "Shangazi, nisamehe. Nawaambia ukweli leo leo."

"Thubutu! Useme nini? Watoto wa watu wanakuamini wewe. Ukisema kinanda kile si changu, watauliza na huo moyo kama ni wa kweli." Akasimama. "Inuka hapo, unachafua suruali bure. Umekula?"

Niliinuka. Hilo ndilo kosa langu la pili, na ni kubwa kuliko la kwanza: niliinuka, nikala ugali wake, nikanyamaza. Nilijua kabisa kwa nini vidole vimekufa ganzi. Angepiga Jumapili ile, kanisa zima lingesikia tofauti, na mimi ningeumbuka. Akaona bora akose yeye. Kwa kuwa hakuna mwingine anayekiweza kinanda kile, wiki hiyohiyo wazee walikipeleka stoo. Video bado ipo. Naifundishia kila mwaka.

Jumapili ya kipaimara vijana walipiga kinanda chao cha umeme, na walipiga vizuri, siwezi kuwasingizia. Kabla ya baraka mchungaji akawaomba waumini wote wanyooshe mikono, wamwombee Bibi yetu, Mungu amrudishie vidole vyake. Nilikuwa nimekaa naye benchi moja. Nikanyoosha mkono wangu pamoja na wengine, na mwisho wa maombi nikasema amina. Shangazi alisema ya kwake kwa sauti kubwa kuliko yangu.