Tumbawe Katika Kabati la Sayansi

Harufu ilianza tulipokuwa tukiteremka kuelekea Mai Mahiu, na basi lilipofika chini ilikuwa imeshika kila kiti: harufu ya chumvi iliyooza, ya dagaa waliosahauliwa juani, na ndani yake utamu fulani. Dereva alisimama kando ya vibanda vya chai, katikati ya malori, akashuka akitema mate. Mwenye lori mmoja aliyekuwa akikagua magurudumu yake aliinua kichwa. “Boss,” akamwita, “hiyo basi yako imebeba wanafunzi ama maiti?” Tulicheka hadi machozi. Tulikuwa watoto arobaini wa darasa la saba kutoka shule moja ya Nakuru, tukirudi kutoka Mombasa, na mtu yule alikuwa amesema kweli bila kujua. Tulikuwa tumebeba maiti. Kila mtoto alikuwa na yake, imefungwa ndani ya fulana chafu mkobani.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mimi sina majuto. Nina hasira, na umri haujaipunguza. Nimejaribu kuisimulia safari ile kwa upole, jinsi watu wanavyosimulia utoto wao, nikashindwa. Bahari tuliijua kwa picha za kalenda. Maji makubwa ya kwetu yalikuwa ya ziwa la magadi, ambayo hata ng’ombe aliyakataa, kwa hiyo safari ya Mombasa tuliingoja muhula mzima. Mwalimu wetu wa sayansi alitueleza sababu ya safari mara nyingi hata tukaikariri: shule ilikuwa imepata kabati jipya la vioo, nalo lilikuwa tupu. “Mkono mtupu haulambwi,” alisema akicheka. “Hakuna kurudi hivi hivi.”

Siku ya kwanza alitupeleka katika msitu wa Shimba. Nakumbuka giza la kijani, miti iliyotokwa jasho, vipepeo waliotua kwenye kola zetu, na udongo uliotoa harufu ya chai iliyomwagika. Kabla hatujaingia, askari wa msitu aliyevaa sare na kubeba bunduki alitupanga mstari. “Hapa hamtoki na kitu,” akasema. “Hata jani. Tumesikizana?” Tulijibu ndiyo kwa sauti moja, na aliyejibu kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mwalimu wetu. Tulipotoka, alitukagua mifuko mwenyewe. Njeri, rafiki yangu, alikutwa na mbegu moja nyekundu, akachapwa kiganjani mbele ya askari, na mwalimu akaomba msamaha kwa niaba ya shule nzima, kofia mkononi. Mniruhusu nilikazie hili, kwa sababu hasira yangu yote inasimama hapo: alijua. Hakuna anayeweza kuniambia kwamba mtu yule hakuelewa maana ya kuacha kitu pale ulipokikuta.

Kesho yake asubuhi maji yalikuwa yamekupwa, na mwamba wa matumbawe umetokeza mgongo mbali na ufuo. Tuliuendea kwa viatu vyetu vyeusi vya shule, kwa sababu watu wa bara hatutembei peku mbele ya wageni. Chini ya viatu kulikuwa na sauti ambayo nilidhani ni ya changarawe. Tuliona vidimbwi vyenye samaki wa rangi ya ndizi mbivu, na matumbawe ya kahawia na zambarau, mengine kama ubongo, mengine kama pembe za swara. Mwalimu alikuwa ameazima spana ya magurudumu kwa dereva. Alichagua tumbawe zuri lililofunika mdomo wa shimo kama kizingiti, akanikabidhi mimi spana hiyo, maana nilikuwa wa kwanza darasani na hiyo ilikuwa zawadi. Wenzangu walijivunjia vipande vidogo kwa visigino na mawe; mimi nilipiga mara tatu. Katika pigo la tatu lilikatika, na kwenye jeraha lake kukatoka ute mwembamba uliong’aa.

Mwanamke alikuwa akija kutoka upande wa kina, kanga imefungwa kiunoni, kapu la ukindu begani, fimbo ndefu ya chuma mkononi. Hakukimbia. Alipotufikia alitazama shimo, kisha akanitazama mimi. “Mwanangu, ni nani aliyekutuma?” Nilimtazama mwalimu. “Mwalimu,” akasema mwanamke, “waambie wateremke. Wakanyaga vitu vyenye roho. Na hapa ni pangu.”

“Pako vipi, mathe?” mwalimu akamjibu. “Kwani umepanda bahari?”

“Pango hili la pweza aliniachia mama yangu. Yale kule ni ya wifi yangu. Kila pango lina mwenyewe, na mwenyewe hulichokoa taratibu ili pweza mwingine aje kuhamia. Sasa mmelivunja mlango. Pweza hakai nyumba isiyo na mlango.”

“Hawa ni wanafunzi. Wanasoma.”

“Basi wasome kwa macho.”

Njeri aliirudia sentensi hiyo akiiburuta kwa lafudhi ya pwani, mkono kiunoni, na watoto arobaini tukaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka. Mwanamke alingoja tumalize. Kisha akaniuliza mimi, si mwingine, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia: “Wewe uliyepiga, waona hili ni jiwe?” Ute ulikuwa ukinitiririka vidoleni. Niliuona, na nilijua mawe hayatoi ute. “Ni mawe tu, bibi,” nikasema, na mwalimu akanipigapiga begani. Tulipokuwa tukirudi ufuoni niligeuka nyuma mara moja. Alikuwa amechutama, mkono umeingia hadi kwapani ndani ya lile shimo, akipapasa. Hakuna aliyekuwa amemwuliza jina lake.

Kuna jambo ambalo wasomaji wa nje ya Bonde la Ufa huenda wasilifahamu. Sisi ni watu wa mawe ya mipaka. Mashamba yetu yalikatwa kutoka kwa mashamba makubwa ya walowezi, na kila kona ilitiwa jiwe. Jirani akilisogeza hatua moja, tunamwita chifu, tunaita wazee, ndugu wanakosana hata hawazikani. Baba yangu aliweza kuamka alfajiri kwenda kulitazama jiwe lake tu, kuhakikisha lipo. Watoto wa watu hawa ndio waliosimama juu ya mpaka wa mwanamke yule, wakaung’oa kwa spana na kumwambia hana shamba. Husemwa: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wetu tulimwachia jeraha. Na yale matumbawe hayakufika hata nyumbani. Pale Mai Mahiu, kwa amri ya dereva, tuliyatupa mtaroni, moja baada ya jingine, miongoni mwa maganda ya mahindi. Langu peke yake ndilo lililosalimika kwa sababu ya ukubwa wake. Mwalimu alilifunga kwa magazeti na kulipeleka juu ya keria.

Mwezi uliopita binti yangu, Wanja, anayesoma katika shule ile ile, alileta barua. Safari ya Mombasa. Mtoto abebe kofia, maji ya kunywa, na mfuko mgumu wa kuletea vitu vya maonyesho. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, nikaisoma tena, kisha nikaenda shuleni bila hata kubadilisha ndara. Mkuu wa shule, kijana mwungwana sana, alinipokea vizuri na kunionyesha kabati. Tumbawe langu lilikuwamo bado, na kadi iliyoandikwa kwa mwandiko wa mwalimu wetu: Mawe ya Baharini. Limekuwa jeupe kama mfupa. “Mama Wanja, usijisumbue,” aliniambia. “Ni mawe tu.” Niliomba kulishika. Nililileta puani, hapo mbele yake, nikavuta pumzi kwa nguvu. Vumbi la chaki, basi. Ile harufu iliyomfanya mwenye lori kuuliza swali la haki haipo tena, na sasa watoto wanapita mbele ya kioo kila siku wakiona pambo.

Nilimweleza yote. Alisikiliza kwa adabu na kusema kwamba ratiba imeshapitishwa. Basi nilichukua fomu ya idhini na, mahali pa maoni ya mzazi, nikaandika kwa herufi kubwa: Mtoto huyu atarudi mikono mitupu, na akiona yeyote anavunja kitu juu ya mwamba, ameruhusiwa na mamake kupiga kelele. Wanja aliisoma jioni, akaja juu. “Mum, unaniaibisha! Watanicheka basi nzima.”

“Watakucheka,” nilimwambia. “Mimi pia nilicheka.” Kisha nikamketisha mezani, nikamweleza kuhusu pango, na mlango wake, na mkono ulioingia hadi kwapani.