Hojaji Arobaini za Galbet

Bishara Dubow hakuwa mtu wa kusahau ubaya. Mwaka 1996, akiwa amemaliza kidato cha nne na hana kazi, aliajiriwa na Sugow, mtafiti wa chuo kimoja Nairobi aliyetaka kujua tabia za vijana wa Garissa wanaocheza gemu za video. Kwa wiki sita Bishara alishinda kwenye chumba cha gemu mtaani Galbet, daftari mapajani, akiandika nani amecheza, kwa muda gani, na alisema nini aliposhindwa. Kisha akawahoji kwa Kisomali, akajaza hojaji arobaini. Aliwaahidi wote kwamba hawatajulikana. Sugow alifika mara moja tu, akapiga picha, akarudi hotelini. Alichukua muhtasari wa Bishara, hojaji zenyewe hakuziuliza.

Ripoti ilipotoka, ilisema wachezaji ni wakorofi, na kinara wao ni "mwalimu mwenye kovu shavuni". Mwalimu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu: Guleid, kaka yake Bishara. Kamati ya shule ikamfukuza.

"Abaay, dada yangu, ni wewe uliyeniandika," Guleid alimwambia, macho yakiwa ukutani.

 Bishara alikuwa ameandika kwamba Guleid ndiye aliyeamulia ugomvi wa vijana.

Alisubiri miezi minane, hadi Sugow alipokuja kuisoma ripoti mbele ya wazee na maofisa. Bishara akaingia ukumbini na wachezaji wote.

"Daktari, nionyeshe mmoja tu uliyemhoji."

Sugow akatabasamu. "Dada, utafiti una njia zake."

"Njia yako ilikuwa mimi."

Akamkabidhi kila kijana hojaji yake. Mmoja baada ya mwingine, wakasimama na kusoma kwa hiari yao majibu yao, yaliyopingana na ripoti. Sugow akatokwa jasho, wazee wakaanza kumcheka. Bishara hakucheka, alimtazama tu, na moyo wake ukashiba.

Nje, Sugow akamsihi: "Utaniharibia kazi."

"Ya Guleid umemrudishia?"

Guleid hakurudishwa darasani. Alihamia Modogashe kuuza chai kwa madereva wa malori, ingawa tangu asikie yaliyotokea ukumbini humpokea dada yake kwa furaha.

Mwaka uliofuata Bishara akasikia Sugow ameomba kazi katika shirika moja Wajir. Asubuhi hiyohiyo akapanda lori, mkobani mna ripoti ile na barua yenye saini arobaini.